Ukuta Usiofika Darini

Tangu tushuke kwenye basi, Tomoharu alikuwa hajaniita jina langu hata mara moja.

Njia nzima kutoka Morioka nilikuwa Chizu. Chizu, ona ule mto ulivyoganda. Chizu, malizia wewe hili chenza, mimi nimeshiba. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti langu, na humo mfukoni vidole vyetu vilikuwa na mambo yao wenyewe. Kisha basi likakata kona ya mwisho. Tukaona mvuke wa maji moto ukipanda juu ya paa la nyumba ya wageni lililoelemewa na theluji, na mama yake amesimama mlangoni amejikunyata. Mkono ukachomoka mfukoni mwangu kama umeungua.

"Mama, huyu ndiye Bi Segawa," akasema.

Bi Segawa! Mwaka mmoja na miezi miwili ya kupendana, leo naitwa kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Niliinama kusalimia mpaka nywele zikanifunika uso, na ilikuwa afadhali, maana sijui uso wangu ulikuwa unasema nini.

"Ahaa, Bi Kinyozi mwenyewe," akasema mama yake. "Karibu, karibu. Ingia kabla pua haijakatika."

Jina lake Mitsue. Ni mfupi, mwepesi, na mikono yake ni myekundu mpaka kwenye viwiko, mikono ya mtu aliyeshinda majini maisha yake yote. Yeye na mumewe wanatengeneza tofu na kuiuza katika mji wao mdogo. Kila mwezi wa pili, baridi inapomshika mzee mgongo, wanafunga duka siku nne na kuja hapa milimani kujiloweka, kula, kulala, na kujiloweka tena. Miaka yote walikuja wawili. Safari hii Tomoharu, mtoto wao wa pekee, aliomba awafuate Jumamosi na Jumapili, na aje na mtu.

Mtu huyo ndiye mimi. Nilichokuwa sijui ni kwamba nimetambulishwa kama mtu gani.

Maana tulikuwa tumekubaliana. Siku chache kabla ya Mwaka Mpya alikaa kwenye kiti changu cha kunyolea, kitambaa shingoni, akaniambia kupitia kioo: "Nitawaeleza yote mawili, Chizu. Kwamba nataka kukuoa, na kwamba uliwahi kuolewa. Ukifika kule utakuta wameshajua." Nikamwamini. Nilijidanganya kwamba mwanamume mwenye wembe shingoni hawezi kusema uongo.

Chumbani tulikaa wanne kuizunguka meza fupi yenye hita chini yake, miguu yetu ikiota joto chini ya blanketi lake. Baba yake, mzee Kenkichi, alikuwa amelala ubavu juu ya mito miwili. Aliniitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gazeti lake. Mama Mitsue akawa anamenya machenza bila kuitazama mikono yake. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nasikia unanyoa wanaume tu?"

"Ndiyo, Mama. Duka lilikuwa la marehemu baba yangu. Alipofariki nikalishika."

"Basi unawajua wanaume." Akacheka kidogo. "Na una miaka mingapi, kama si siri?"

"Thelathini na minane."

Chenza likasimama mkononi. "Huyu wangu ana thelathini na mitatu."

"Najua, Mama."

"Mtu mzuri hivi, na mikono ya kazi, miaka yote hiyo hujaolewa?"

Kwa hiyo hawajui! Nilimtazama Tomoharu. Yeye alikuwa analitazama birika juu ya jiko la mafuta, kana kwamba anasubiri birika limjibie. Nikanyoosha mguu chini ya blanketi nikamgusa. Akauondoa wake.

"Kazi ilinishika, Mama," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Mimi niliyekuwa namlaani mwenzangu kwa woga, ulimi wangu nao ukapiga chenga. Mzee Kenkichi akafunua ukurasa wa gazeti, akaguna.

"Basi," akasema Mama Mitsue, "wanawake tutalala chumba hiki, wanaume kile cha pili. Sasa tupumzike. Tutakwenda kuoga saa kumi na moja."

Nilimvizia Tomoharu kwenye korido, karibu na rafu ya ndara. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maneno yetu yalitoka na mvuke.

"Uliniambia watakuwa wameshajua."

"Chizu, nisikilize kwanza..."

"Ooh, sasa hivi nimekuwa Chizu?"

"Sauti chini, tafadhali! Nilijaribu. Mwaka Mpya Baba alikuwa hawezi hata kukaa, nikasema si wakati wake. Halafu Mama akaanza habari za duka, nani atalirithi, wajukuu wako wapi. Nipe muda kidogo tu."

"Muda nimekupa mpaka ukaota ndevu. Na ndevu zenyewe nikazinyoa mimi."

Akataka kucheka, na mimi nikataka kucheka, na hapo ndipo ilipo taabu yangu. Kile kishimo cha shavuni mwake kimeniponza mara nyingi. Nikajikaza, nikatazama pembeni.

"Kesho kuna basi la saa nne asubuhi," nikasema. "Kama hujawaambia mpaka hapo, nitapanda peke yangu. Na usije tena kukaa kwenye kiti changu. Vinyozi ni wengi mjini."

"Unanitisha?"

"Nakuomba, Tomoharu. Nimeshakuwa mke wa mtu asiyenitamka. Mara ya pili siiwezi."

Macho yake yalinizunguka usoni, kutoka jicho moja kwenda jingine, kama mtu anayetafuta pa kupita. Nilimpenda hata pale, na nilimwogopa. Baba yake akakohoa ndani ya chumba cha pili. Tomoharu akageuka, akaingia, akavuta mlango nyuma yake.

Nikarudi kulala. Yaani, Mama Mitsue alilala, mimi nilihesabu mbao za dari. Atasema? Akisema, mama yake atanifukuza kabla ya chakula au baada ya chakula? Na asiposema, nitaweza kweli kupanda lile basi? Haikupita hata nusu saa.

"Wewe hulali," sauti ikatoka kwenye godoro la pili. "Hizo pumzi zako zinanichosha. Chukua taulo, twende tukaoge."

Mapazia ya milango ya kuogea yako ghorofa ya chini, mwisho wa korido, jekundu letu wanawake, la buluu lao wanaume, yanatazamana. Lakini ndani ni bwawa moja lililogawanywa kwa ukuta wa mbao, na ukuta wenyewe haufiki darini. Mvuke unapita juu yake huku na kule bila kumwuliza mtu. Maji ni meupe kama tui, yananukia kiberiti. Hapakuwa na mtu mwingine.

Tulikaa kwenye vile viti vifupi vya kuogea, nikaanza kumsugua mgongo, maana mimi ndiye mdogo.

"Una mkono mzuri," akasema. "Mume wangu hajui kusugua. Anajua kuita tu."

"Kuita?"

"Utamsikia. Akitaka kutoka anapiga kelele juu ya ukuta: Oi, natoka! Nami najibu: Haya! Ili tutoke pamoja, mmoja asimsubiri mwenzake kwenye baridi na nywele mbichi. Miaka thelathini na sita, hajaacha. Mwaka juzi mimi nimelazwa hospitali, akaja peke yake. Mwenye nyumba akanisimulia kwamba alimsikia akiita vilevile. Anauita ukuta! Wazimu mtupu."

Sikuuona uso wake, lakini niliona masikio yake yakiwa mekundu. Nilitaka kucheka naye. Nikazidi kusugua.

"Haya, geuka. Zamu yako."

Alikuwa ameshanipaka sabuni mabegani wakati mlango wa upande wa pili ulipofunguka. Mabeseni yakagongana. Mtu akaguna kwa maumivu, mwingine akasema, "Taratibu, Baba, hapo panateleza." Nilitaka kukohoa ili wajue tupo. Mama Mitsue akaniwekea kidole cha sabuni mdomoni.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Wanadhani tumelala. Ngoja tusikie wanatusengenya nini." Macho yake yalikuwa yanacheka kama ya msichana wa shule.

Maji yakamwagika, yakatulia. Kisha:

"Tomoharu."

"Naam, Baba."

"Yule mwanamke ana X moja."

Mkono wa Mama Mitsue ukasimama mgongoni mwangu.

Kwetu ndivyo anavyosemwa mtu aliyeachana na mwenziwe, kwa sababu jina la ndoa hukatwa X kwenye daftari la ukoo. Tangu siku ile unatembea na X yako, kama nyumba inayongoja tingatinga.

"Nani amekwambia?" Sauti ya Tomoharu ilikuwa ndogo.

"Muuza samaki. Dada yake anakaa mtaa mmoja na lile duka la kunyoa. Mama yako hajui. Nikimwambia hatakula siku mbili. Sasa nataka nisikie kwako. Yule ni nani wako?"

Sema, nikaomba moyoni. Sema sasa, mpenzi wangu, hapo hapo, ukiwa uchi kama ulivyozaliwa. Sema kitu kimoja tu.

Tone likadondoka kutoka darini. Likadondoka la pili.

"Ni... ananinyoa, Baba. Anasimama kutwa nzima, mgongo unamsumbua kama wewe. Nimemleta apumzike. Basi."

Basi.

Sikulia. Nilijikaza kisabuni, na sabuni nilikuwa nayo mwili mzima. Lakini ndani kitu kilianguka, na nikajua kwamba nitapanda lile basi la saa nne, na nikajua pia kwamba litaniua.

"Ni kweli?" Mama Mitsue alininong'oneza kwa nyuma. Macho hayakucheka tena, hilo nililisikia kwenye sauti. "Una X?"

"Kweli, Mama."

"Mbona kule juu uliniambia kazi ilikushika?"

"Niliogopa. Nisamehe."

"Nani alimwacha mwenzake?"

"Mimi ndiye niliyeondoka."

"Alikuwa anakupiga?"

"Hapana."

"Mlevi? Wanawake?"

"Hapana, Mama." Nilitafuta namna ya kulisema kwa mnong'ono, na sikuipata, kwa hiyo nikalisema lilivyo. "Baada ya harusi tulikwenda kwenye maji moto kama hapa. Mimi nikatoka, nikakaa nje ya pazia nikimsubiri. Nilisubiri dakika arobaini. Nywele zikaanza kuganda. Nikamwomba mhudumu aingie kumwangalia, nikidhani amezimia ndani. Kumbe alishatoka zamani, yuko chumbani anakula. Hakukasirika, hakunidharau. Hakunikumbuka tu. Nilikaa naye miaka minne hivyo hivyo."

Mama Mitsue alichota maji ya moto kwenye beseni akanimwagia mgongoni polepole, mara moja, mara mbili, mpaka sabuni yote ikaisha. Mara ya tatu hapakuwa na sabuni tena, na bado akamwaga.

"Nitakwambia ukweli," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sikupenda miaka yako, na hii X siipendi. Nina mtoto mmoja. Si wewe niliyemwota awe mkewe."

"Najua, Mama."

"Lakini..."

Hakumaliza. Upande wa pili maji yalitikisika, mtu mzito akainuka kwa kuguna, na sauti ikapasua mvuke:

"Oi! Natoka!"

Tulitazamana. Mzee alikuwa na uhakika kwamba mkewe amelala huko juu, na bado aliita, kwa mazoea yake, aliuita ukuta. Mama Mitsue angenyamaza, wangekwenda zao, wasingejua kamwe. Niliona anapima. Niliona mdomo wake ukifunga, ukifungua. Nikatikisa kichwa, nikamsihi kwa macho: usijibu, Mama, niachie hata aibu hii niondoke nayo kimya.

Yeye akavuta pumzi.

"Haya!" akajibu, kwa sauti ya mtu anayeita wateja dukani.

Upande wa pili beseni likaanguka. Likazunguka sakafuni, likazunguka, likatulia.

"Mitsue?" Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu aliyeona jini. "Uko hapo tangu lini?"

"Tangu kabla ya samaki na dada yake."

"Na... uko peke yako?"

"Peke yangu vipi? Mgeni angesuguliwa mgongo na nani?" Akaniegemea begani akasimama. Kabla hajasogeza mlango wa chumba cha kuvulia nguo alinigeukia. "Usikae sana. Maji haya yanazimisha watu."

Nikabaki peke yangu. Nikaingia bwawani mpaka kidevuni, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nikasikia miguu ya mzee ikiburuzika, mlango wao ukifunguka na kufungwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyetoka.

Tomoharu alikuwa bado yupo. Mbao mbili tatu kati yetu, na maji yale yale.

Hakusema kitu. Nami nikaapa kwamba sitaanza. Dakika ikapita, au tano. Moto ukanipanda shingoni, masikio yakaanza kuvuma. Nilijiuliza kama mtu anaweza kufa kwa kusubiri kutajwa. Kama anaweza, basi mimi mara ya kwanza niliponea chupuchupu.

"Bi Segawa?" akasema ukutani.

Sikujibu.

"Najua upo. Tafadhali."

Sikujibu.

"Chizu." Polepole, kama yuko kwenye korido.

Nikauma mdomo. Machozi yalikuwa yananitoka sasa, yakidondokea kwenye maji meupe bila kuonekana, na bado sikujibu. Mnong'ono nilikuwa nao mwaka mzima. Mnong'ono ulinitosha.

Nikasikia anasimama. Maji yalimwagika kama yamepigwa.

"Chizuru!" Sauti ilimpasuka katikati, ikagonga dari, ikaangukia upande wangu. "Chizuru! Natoka! Na Baba kama anasikia asikie, na Mama kama anasikia asikie! X hiyo naijua tangu siku ya kwanza, aliniambia mwenyewe akininyoa! Nilisema uongo kwa sababu mimi ni mwoga! Huyu si kinyozi wangu tu!"

"Hilo tunalijua tangu mwezi wa nane!" Mama Mitsue akajibu kutoka chumba cha kuvulia nguo, nyuma ya mlango. "Hakuna mtu anayenyolewa kila wiki mbili kwa nywele kama zako!"

"Chizuru," akasema tena. "Natoka. Sitasogea hapa mpaka unijibu. Hata nikiiva."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na niliogopa kulisema kuliko nilivyoogopa kuachwa. Mtu akishalisema hilo, amekubali kusubiriwa. Na amekubali kwamba siku moja anaweza asisubiriwe tena. Nikamkumbuka mzee aliyeuita ukuta mtupu mwaka juzi.

"Haya!" nikasema. Likatoka dogo. Nikarudia kwa nguvu: "Haya!"

Nilivaa joho langu la pamba. Mama Mitsue alinisubiri, amekunja taulo lake, hakunitangulia. Tulifunua pazia jekundu pamoja.

Kwenye korido mzee Kenkichi alikuwa anatazama dirishani, kwenye theluji, kwa makini makubwa. Hakuna kitu kilichokuwa kinatokea kwenye theluji. Kando yake alisimama Tomoharu, ameiva kama kamba wa kuchemshwa, maji yakimchirizika kutoka kwenye nywele nilizozikata mimi. Alinitazama mbele ya wazazi wake, moja kwa moja, na hakuondoa macho. Na joho lake alikuwa amelivaa kinyume, upande wa kulia juu ya kushoto, namna tunavyowavalisha wafu.

"Tomoharu!" Mama Mitsue alishika kifua. "Umejifunga kama maiti! Unataka kututia nuksi wote?"

Akajitazama. Mikono yake ikapapasa mkanda, ikaukaza badala ya kuufungua. Na mimi, bila kumwomba mtu ruhusa, nikasogea. Nikamtoa mikono. Nikafungua ule mkanda mbele ya baba yake na mama yake, nikavuta upande wa kulia ndani, nikalaza wa kushoto juu yake, namna ya walio hai. Nilisikia moyo wake chini ya vidole vyangu, unakwenda mbio kama wangu. Basi la saa nne lilikuwa bado lipo kesho, na nilikuwa bado sijui kama nitalipanda peke yangu.

Nikaanza kufunga. Mama Mitsue akaja akasimama ubavuni mwangu, akaitazama mikono yangu mpaka fundo la mwisho.

"Kaza zaidi," akasema. "Mkanda wa huyu hufunguka tangu akiwa mdogo, Chizuru."